Adabu za Barazani: Kubishana Bila ya Kuvunja Ujirani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema inamstahikia Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, ukipita katika mitaa yetu baada ya sala ya Alasiri utawakuta watu wamekaa barazani. Muuza kahawa yupo na dele lake, vikombe vinagongana, kashata zinapita mkono kwa mkono. Wawili wameinamia bao, na waliobaki wanazungumza. Huyu anasema bei ya samaki imepanda kwa sababu ya upepo, yule anasema ni tamaa ya wachuuzi. Huyu ni Simba, yule ni Yanga. Mmoja anacheka, mwengine anapiga goti kwa mkono, na mtoto aliyetumwa chumvi dukani amesimama pembeni anasikiliza, chumvi ameisahau.

Mtoto huyo ndiye aliyenifanya niandike makala hii. Wanafunzi wetu hapa chuoni wanajifunza adabu za kula, za kulala na za kuingia msikitini, lakini adabu za kuzungumza wanajifunzia barazani. Yafaa basi tujiulize: baraza linatufundisha nini? Na dini yetu inasemaje kuhusu ubishi na utani wa majirani?

BARAZA NI NINI?

Baraza ni kiti kirefu cha mawe na chokaa kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, upande wa njiani. Utayaona katika miji yote ya kale ya mwambao wetu: Unguja, Mombasa, Lamu na kwengineko. Lamu mara nyingi viti hivyo vimo ndani ya daka, yaani kile kipenu cha mbele ya mlango mkubwa. Ujenzi huu una hekima yake. Mwenye nyumba anaweza kumpokea mgeni, kumnywesha kahawa na kuzungumza naye bila ya kuwabana watu wa ndani wala kuvunja stara yao. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu ukafuata mwaka 2001. Wageni wanakuja kutazama milango ya nakshi, lakini mwenyeji anajua kuwa uhai wa mtaa uko pale barazani.

Neno hilo hilo ndilo tunalolitumia tunaposema Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi na Baraza la Idi. Kwa hiyo katika lugha yetu, mahali pa kukaa majirani na mahali pa kushauriana wakubwa wa nchi ni jina moja. Wazee wetu hawakuyahesabu mazungumzo ya pale kuwa upuuzi.

Wala tusidhani kuwa baraza ni la wanaume peke yao. Akina mama nao wana vikao vyao: uani, ukumbini, penye kusuka ukili, penye kupepeta mchele wa shughuli. Mada zinaweza kuwa tofauti, lakini ulimi ni ule ule, na adabu ni zile zile.

FAIDA ZAKE

Kuna watu wanaosema kuwa kukaa barazani ni kupoteza wakati. Kweli, mwenye kukaa pale akaipitisha sala au akawaacha watoto wake na njaa, huyo amekosea. Lakini baraza lina kheri nyingi. Habari ya msiba inafika pale kwanza. Mchango wa mgonjwa unaanzia pale. Mzee asipoonekana siku mbili, watu wa baraza ndio wanaouliza, "Jamani, Mzee fulani yuko wapi?" wakenda kumgongea mlango. Kijana asiye na kazi husikia pale kuwa fundi fulani anatafuta msaidizi. Na yule aliyebeba ghadhabu kutwa nzima huitua pale, akarudi nyumbani na uso mwema.

Tena, baraza linafundisha kusikiliza. Mtu anayeishi na wenye rai moja tu na yeye hudhani dunia nzima inaona kama anavyoona yeye. Barazani utamkuta mvuvi, karani, mwalimu na mstaafu wamekaa kwenye kiti kimoja, na kila mmoja ana lake.

HAKI ZA NJIA

Mtume (S.A.W.) alilizungumzia jambo hili waziwazi. Katika hadithi aliyoisimulia Abu Said al-Khudri (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwatahadharisha masahaba na kukaa njiani. Wakamweleza kuwa hawana budi, kwani hapo ndipo wanapokaa na kuzungumza. Hakuwakatalia moja kwa moja. Aliwaambia kuwa ikiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake. Wakauliza haki ya njia ni ipi, naye akawatajia: kuinamisha macho, kuacha kuwaudhi watu, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Hebu, mwanafunzi mpenzi, zitazame haki hizi moja moja ukiwa umekaa barazani. Kuinamisha macho: mama wa watu akipita na kikapu chake asifuatwe kwa macho mpaka mwisho wa mtaa. Kuacha maudhi: miguu isizuie njia na ulimi usizuie heshima za watu. Kuitikia salamu: hata kama aliyesalimu ni yule mliyebishana naye jana. Kuamrisha mema na kukataza maovu: mtu akianza kumla nyama mwenzake, awepo wa kusema, "Basi jamani, tubadilishe mazungumzo."

UTANI, MJADALA NA UGOMVI

Mambo haya matatu watu huyachanganya, na tofauti zake ni muhimu kuzijua.

La kwanza ni utani. Utani ni maneno ya kuchekesha baina ya watu wanaopendana, na wote wawili wanacheka. Mfano mzuri ni utani wa mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na hata sasa mashabiki wao wanaitana watani wa jadi. Mtu wa Simba akiona mambo magumu huwakumbusha wenzake yale mabao 6 kwa bila ya mwaka 1977, au yale 5 kwa bila ya mwaka 2012. Mtu wa Yanga naye hana haja ya kwenda mbali, anataja mabao 5 kwa 1 ya Novemba 2023. Watacheka, watatozana kahawa, na adhana ya Magharibi ikilia watasimama safu moja.

Mtume wetu (S.A.W.) naye alikuwa akifanya mzaha na masahaba, lakini hakusema ila kweli. Mtu mmoja alimwomba mnyama wa kupanda, akamwambia kuwa atampandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule mtu akashangaa, mtoto wa ngamia atamfaa nini? Mtume (S.A.W.) akamuuliza, kwani kuna ngamia asiyezaliwa na ngamia? Hadithi hii imo katika Abu Daud na Tirmidhi. Angalia, ndugu msomaji: hapana uongo ndani yake, wala hapana aliyedhalilishwa.

La pili ni mjadala. Mjadala ni kutafuta lililo sahihi kwa hoja. Allah (S.W.) ametufundisha katika Surat An-Nahl, aya ya 125, kuwa tunapojadiliana tujadiliane kwa njia iliyo bora zaidi. Na katika Surat Taha, aya ya 44, Nabii Musa na Nabii Harun (A.S.) wanatumwa kwa Firauni, naye ni Firauni, na bado wanaamrishwa kusema naye kwa maneno laini. Ikiwa Firauni alistahiki maneno laini, je, jirani yako anayekuazima ngazi?

La tatu ni ugomvi. Hapa mtu hatafuti haki tena, anatafuta kushinda. Na alama yake ni moja, ikumbukeni daima: mazungumzo yanaliacha jambo, yanahamia kwa mtu. Maadamu tunasema, "Hoja yako haina nguvu kwa sababu kadha," tumo katika mjadala. Tukishasema, "Wewe ni nani hata useme?" tumeshatoka. Si kubishana kunakovunja ujirani. Kunakouvunja ni huko kuhama kutoka kwenye jambo kwenda kwa mtu.

MILANGO MINNE YA UHARIBIFU

Ugomvi wa barazani huingia kwa milango inayojulikana, na mitatu kati ya hiyo imetajwa katika Surat Al-Hujurat.

Mlango wa kwanza ni habari isiyothibitishwa. Aya ya 6 inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuifanyia kazi. Neno la "nimesikia" limewavunjia watu ndoa zao na biashara zao. Akikujia mtu na "nimesikia", muulize: umesikia kwa nani, na yeye aliona?

Mlango wa pili ni kejeli na majina mabaya. Aya ya 11 imekataza watu kudharauliana na kuitana kwa lakabu za kuudhi. Wangapi mitaani kwetu wanaitwa kwa kilema chao, na sisi tunasema "ameshazoea"? Muulize mwenyewe kama amezoea, au amechoka kukasirika.

Mlango wa tatu ni kusengenya. Aya ya 12 imekufananisha na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Mtume (S.A.W.) amebainisha, katika hadithi iliyopokewa na Muslim, kuwa kumtaja nduguyo kwa analolichukia ni kusengenya ikiwa ni kweli, na ikiwa si kweli ni kumzulia. Basi ile hoja ya "lakini ni kweli" haimwokoi mtu.

Mlango wa nne ni sauti. Katika Surat Luqman, aya ya 19, Luqman anamuusia mwanawe ainamishe sauti yake, kwani sauti mbaya kuliko zote ni ya punda. Barazani mara nyingi mwenye hoja dogo ndiye mwenye sauti kubwa.

Milango hii ikiachwa wazi madhara hayaishii barazani. Baada ya vyama vingi kurejea nchini mwaka 1992 na uchaguzi wa mwaka 1995, wakubwa wetu wa Unguja na Pemba wanayakumbuka yaliyotokea. Walikuwepo majirani waliosusiana maduka, wakaachiana salamu, na kwengine wakasusiana hata maziko. Watu waliosoma chuo kimoja! Maridhiano ya mwaka 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 yaliwarejesha wengi kwenye kikombe kimoja cha kahawa. Lakini waliozikwa bila ya majirani zao hawakuweza kuzikwa tena.

TOFAUTI ZA RAI SI UADUI

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya siasa na mpira, lakini katika dini lazima tukatane." Tuwatazame waliotutangulia.

Katika mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaagiza masahaba wasiisali Alasiri isipokuwa wakifika kwa Bani Quraydha. Wakati wa sala ukawakuta njiani. Baadhi yao wakasema hatusali mpaka tufike, kama tulivyoambiwa. Wengine wakasema makusudio yalikuwa ni kutuharakisha, wakasali pale pale. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) hakumlaumu yeyote kati yao. Hadithi imo katika Bukhari. Waliendelea na safari yao pamoja.

Na Imam Shafii (R.A.), ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake, aliwahi kujadiliana na mwanafunzi wake Yunus as-Sadafi katika mas-ala, wakaachana bila ya kukubaliana. Walipokutana tena, Imam ndiye aliyemshika mkono mwenziwe akamuuliza kama haiwezekani wakabaki ndugu hata kama hawakuafikiana katika mas-ala moja. Yunus akasema hakupata kumuona mwenye akili kuliko Shafii. Akili aliyoisifu ilikuwa katika ule mkono ulionyooshwa.

NILIYOYAFANYA MIMI

Sasa nitasema la kwangu, kwa sababu mwalimu asiyetaja kosa lake huwafanya wanafunzi wadhani kuwa makosa ni yao peke yao.

Kila mwaka mtaani kwetu kuna mjadala wa mwezi. Wako wanaosubiri mwezi wa hapa, na wako wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani. Wanazuoni wametofautiana katika hili tangu zamani. Imo katika Muslim hadithi ya Kurayb, aliyerudi Madina kutoka Sham na habari kuwa kule mwezi ulionekana usiku wa kabla ya wao, naye Ibn Abbas (R.A.) akaendelea na hesabu ya Madina. Wengine nao wana dalili zao katika ujumla wa hadithi za kufunga kwa kuuona mwezi. Hayo ninayasomesha.

Mwaka mmoja jirani yangu, ambaye ni fundi baiskeli, alisherehekea Idi siku moja kabla yetu. Baada ya Sikukuu kupita tulikutana barazani. Akaniambia kwa upole, "Maalim, nami nina dalili yangu, nilisoma kwa sheikh wangu." Akaanza kuieleza. Nikamuuliza kama mwezi wake uliletwa kwa ndege. Watu wakacheka, naye akacheka. Hapo ulikuwa ni utani. Lakini kicheko kitamu, nikaongeza: "Tangu lini fundi baiskeli akatusomesha mwezi?"

Baraza zima likacheka. Yeye hakucheka. Alimaliza kikombe chake, akalipa kahawa yake na yangu, kwa sababu siku ile ilikuwa zamu yake kulipa, akaaga akaenda zake.

Siku tatu zikapita. Mimi ndiye ninayewasomesha watoto hadithi ya kwamba si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na kwamba mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Siku tatu zikawa wiki. Mwanawe, aliyekuwa mwanafunzi wangu wa juzuu ya Amma, hakuonekana chuoni Shawwal yote. Nilijiambia labda anaumwa. Nilijua kuwa haumwi.

Mzee mmoja wa pale barazani ndiye aliyeniamsha. Akaniambia, "Mwanangu, siku ile ulishinda. Sasa tueleze, ulishinda nini?" Sikuwa na jawabu. Usiku ule nilikumbuka hadithi ya Abu Umama (R.A.) katika Abu Daud: Mtume (S.A.W.) amemdhamini nyumba pembezoni mwa Pepo anayeacha mabishano hata kama haki ni yake, nyumba katikati ya Pepo anayeacha uongo hata katika mzaha, na nyumba juu ya Pepo mwenye tabia njema. Mimi nilikuwa nimeziuza zote kwa kicheko kimoja.

Nilikwenda kwake nikamwomba radhi. Akasema, "Yamekwisha, Maalim." Nikamwambia hayajesha, kwa sababu nilikuvunjia mbele ya watu. Siku ya pili nikaomba radhi barazani, mbele ya wale wale waliocheka. Mtoto alirudi chuoni wiki ile ile. Baba yake alichukua muda zaidi, na alipoanza tena kuja alikuwa anakaa ncha ya pili ya baraza. Sikumlaumu. Neno hutoka mara moja, likarudi kidogo kidogo.

Mwaka uliofuata tulitofautiana tena kwa siku ile ile moja. Asubuhi, mimi nimefunga na yeye ni Sikukuu, mtoto wake akabisha hodi na sahani ya biriani na vileja, imefunikwa kitambaa. Akasema, "Baba anasema ni ya kufuturia." Tuliiweka mpaka Magharibi. Kesho yake sahani yake ilirudi kwao, nayo haikurudi tupu.

NASAHA

Wanafunzi wapenzi, mkikaa na wenzenu shikeni haya:

1. Kabla ya kujibu, rudia hoja ya mwenzako mpaka akubali kuwa hivyo ndivyo alivyosema. Nusu ya ubishi itakwisha hapo.
2. Sema juu ya jambo. Usimguse mtu, kazi yake, kabila lake, wazazi wake wala umbo lake.
3. Ukitania, mtazame usoni unayemtania. Asipocheka, acha hapo hapo na umtake radhi.
4. Usilolijua sema "sijui". Hapana aibu ndani yake.
5. Ukiona hasira imekuja, nyamaza. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho aseme la kheri au anyamaze.
6. Mnapoondoka someni dua ya kafara ya kikao, ambayo mnaisoma hapa chuoni. Ndani yake mna kumtakasa Allah, kumshuhudia kwa upweke wake na kumwomba maghfira.

Nanyi wazazi, watoto wanasikia. Mtoto aliyemsikia baba yake akimwita jirani kwa jina baya atalitumia jina hilo kwa mtoto wa jirani kesho asubuhi, chuoni kwetu, na sisi tutamchapa kwa kosa ambalo si lake peke yake. Kumbukeni ile hadithi iliyopokewa na Imam Ahmad, ya mwanamke aliyesifiwa kwa wingi wa sala, funga na sadaka zake, lakini akiwaudhi majirani kwa ulimi wake. Mtume (S.A.W.) akasema huyo ni wa motoni. Sala zilikuwepo, funga zilikuwepo. Ulimi ndio uliomponza.

Tusiyakimbie mabaraza yetu, bali tuyatengeneze. Tubishane, tutaniane, na muadhini akiita tusimame pamoja.

Tunamwomba Allah (S.W.) azihifadhi ndimi zetu, azipatanishe nyoyo za majirani zetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo mema zaidi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.